Jiwe Lililosogezwa Wakati wa Chai

Mwalimu wetu wa uashi alikuwa na tabia moja mbaya: aliharibu kuta za wanafunzi wake wakati wao wanakunywa chai. Hakuziharibu sana. Alichagua jiwe moja tu katika ukuta wako, akalisukuma kwa kiganja mpaka likatoka nje upana wa ukucha, kisha akarudi kwenye benchi lake chini ya mabati, akakunja nne na kupuliza kikombe chake kama mtu asiye na neno na mtu. Ukirudi ukaendelea kujenga bila kupima upya, alikuacha. Alikuacha uweke mstari mwingine wa mawe juu ya lile lililotoka, kisha mwingine, mpaka unaanza kupiga mluzi. Hapo ndipo aliponyanyuka na timazi lake, kile chuma kizito kinachoning'inia kwenye uzi, akalishusha polepole mbele ya ukuta wako huku watu wote wanatazama.

"Hii ukuta ni ya nani?" aliuliza, na anajua vizuri ni wa nani.

Ukisema ni wako, aliuangusha kwa mguu. Ukisema si wako, aliuangusha vilevile.

Niseme mapema kwamba kuta zetu hazikujengwa ili zidumu. Uwanja wa mafunzo ulikuwa Kaloleni, nyuma ya zile nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli, na tulijengea mchanga na chokaa bila simiti. Jioni kila ukuta ulibomolewa, mawe yakapanguswa na kupangwa kwa ajili ya darasa la kesho. Kulikuwa na mawe pale yaliyojengwa na kubomolewa mara nyingi hadi pembe zake zikaisha kama sabuni ya kuogea. Mwalimu aliyajua mengine kwa sura. "Hii imefelisha watu wengi," alisema akilipapasa jiwe fulani lenye kovu, na kwa kweli lilikuwa limenifelisha hata mimi.

Jina lake lipo, na limeandikwa kwenye cheti ambacho nitakifikia baadaye, lakini sikuwahi kusikia mtu akilitumia. Mkewe mwenyewe alimwita Mwalimu. Mimi aliniita Muthurwa, na kosa lilikuwa langu. Kabla ya kwenda kwake niliuza vitunguu sokoni Muthurwa kwa miaka minane. Siku ya kwanza alipotuambia tujenge ukuta wa kufika kifuani, nilichagua mawe mazuri nikayaweka mbele, yale yaliyovunjika nikayaficha nyuma na kuyapaka chokaa nyingi. Nilidhani nimefanya kazi safi. Mwalimu aliuzunguka ukuta wangu mara moja, akachuchumaa upande wa nyuma, akaanza kucheka peke yake.

"Mama, wewe ulikuwa unauza nini?"

"Vitunguu, Mwalimu."

"Wapi?"

"Muthurwa."

"Nilijua. Kubwa juu, mbovu chini." Akawageukia wenzangu. "Kujeni muone debe ya vitunguu."

Tangu siku hiyo sikuwa na jina jingine. Nilikuwa mama wa watoto wawili, mwenye miaka thelathini na mmoja, na vijana wa miaka kumi na tisa waliniita Muthurwa kana kwamba ndivyo nilivyobatizwa.

Alivaa tai juu ya overoli. Ilikuwa tai moja, ya rangi ya maini, na akichanganya chokaa aliitumbukiza kati ya vifungo vya shati isichafuke. Tulipomuuliza tai ni ya nini, alisema daktari ana koti, hakimu ana joho, na yeye hataki watu wafikiri amekuja kuiba mawe. Ukichelewa asubuhi hakukugombeza. Alikusimamisha langoni, akashusha timazi kando ya bega lako, akafumba jicho moja na kutangaza matokeo: "Huyu ameinama upande wa kulia. Alilala vibaya." Otis, kijana mmoja wa darasa letu ambaye hakuwahi kufika kwa wakati, alipimwa karibu kila siku. Siku moja alifika akiwa amejinyoosha kama mlingoti, mabega nyuma, akitembea kwa hatua za askari.

"Niaje Mwalimu! Leo niko straight," alisema.

Mwalimu alimpima muda mrefu. "Uko straight," alikubali. "Lakini umejengwa kwa ploti ya mtu mwingine. Darasa ilianza saa mbili."

Kanisani kwake, ambako aliimba sauti ya besi, alikuwa na ugomvi na ukuta wa upande wa madhabahu. Fundi fulani aliujenga bila yeye kuulizwa, na ulikuwa umelala kidogo. Mtu wa kawaida hauoni. Mwalimu alikuwa akiuona kila Jumapili, na wakati wa mahubiri kichwa chake kiliinama taratibu kuufuata, hadi watu waliokaa nyuma yake nao wakaanza kuinamisha vichwa. Mchungaji aliposhindwa kuvumilia alimwomba akae upande wa pili, aupe ukuta mgongo. Mwalimu alikubali, lakini akawa anageuka mara kwa mara kuhakikisha haujaanguka. Mkewe ndiye aliyetusimulia hayo, siku alipomletea miwani aliyoisahau nyumbani, na alisimulia Mwalimu akiwa amesimama pale pale. Yeye aliivaa na kuitikia kwa kichwa.

Usidhani basi kwamba mtu huyu nyumbani kwake kila kitu kilikuwa sawasawa. Kitanda chake kilikuwa na miguu mitatu na jiwe. Mlango wa jikoni ulifungwa kwa msumari uliopindwa. Miwani yake ilishikwa na uzi wa fundi upande mmoja, na jicho la kulia lilikuwa na ukungu ambao aliukataa. Ukimwambia jicho lile lionwe na daktari, alikujibu kwamba mkono ndio unaoona, jicho ni la kutafutia njia tu.

Na kuhusu vyeti alikuwa watu wawili. Darasani aliponda karatasi vibaya sana. Alisema hajawahi kuona cheti kikishika mwiko wa kujengea, na kwamba anawajua wenye vyeti vitatu wasioweza kujenga banda la kuku. Lakini kila matokeo ya mtihani wa gredi, ule wa serikali wa kupima mafundi, yalipotoka, yeye ndiye aliyekwenda mjini na vyeti vyetu kuvitia nailoni visilowe. Alivibeba ndani ya shati, na kabla hajakupa chako alikifuta kwa leso yake pande zote mbili. Sikuona maana ya jambo hilo wakati ule.

Sasa nieleze kwa nini nilimchukia.

Hakuna aliyeruhusiwa kwenda kwenye mtihani wa gredi kabla ya kupita ukuta wa mwisho wa Mwalimu. Muhula ule nilikuwa na haraka. Kulikuwa na mjengo mkubwa Komarock, na msimamizi wake alikuwa ameahidi kuchukua watu sita kutoka kwetu mara tu wakipata gredi. Nafasi moja ilikuwa yangu, kila mtu alijua. Meza yangu ya vitunguu nilikuwa nimemwachia dada yangu, na nilikuwa nimewatangazia Muthurwa nzima kwamba sitarudi. Ukuta wangu ulipanda vizuri mpaka saa nne. Tukaitwa chai. Nilikunywa vikombe viwili na mandazi, kwa furaha, nikarudi na kuendelea pale nilipoachia.

Unajua kilichotokea. Timazi liliposhuka, jiwe la tatu lilikuwa nje upana wa ukucha, na juu yake nilikuwa nimeshajenga mistari miwili.

"Mwalimu, hilo jiwe umelisogeza wewe!" nilisema, na sauti ilikuwa imeshapanda.

"Ndiyo."

"Basi si makosa yangu!"

"Muthurwa, sikiza. Kwa mjengo watasogeza jiwe yako. Mtu wa toroli atapita agonge. Mtu wa stima ataegemea akule lunch. Nyumba ikipasuka utaenda kwa mwenye nyumba na barua useme si wewe?"

Akauangusha. Otis na wengine walipita, wakaenda Komarock. Mimi nilibaki muhula mzima mwingine na vitoto vipya, nikijenga na kubomoa. Siku ile nililia nyuma ya tangi la maji, na Otis akanifuata kunibembeleza.

"Pole, mathe. Lakini si ulijua buda ana hiyo mchezo?"

Nilijua. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilimwombea mzee yule mabaya madogo madogo: viatu vimbane, tai ianguke kwenye chokaa. Nilipopita muhula uliofuata nilichukua cheti changu bila kumshika mkono, na kwa miaka mitano sikukanyaga Kaloleni.

Ila katika miaka hiyo mitano sikuwahi kurudi kutoka kunywa chai bila kupima ukuta. Nilifanya hivyo kwa hasira mwanzoni, baadaye kwa mazoea. Mawe yaliyosogezwa niliyakuta, mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na wasimamizi wakaanza kuniulizia kwa jina. Leo nina kikosi changu, watu wanane, na wanasema nina wazimu wa timazi.

Mwaka jana nilipigiwa simu na ofisi ya mafunzo. Mtahini wa gredi alihitaji fundi mmoja kutoka nje akae naye wakati wa mtihani. Nilikubali kwa sababu ya kiburi, nikitaka Mwalimu anione nimeshika kalamu. Nilipofika nilimtafuta kwenye benchi lake sikumwona. Nikamwona uwanjani, kati ya watahiniwa, amevaa overoli na tai, na kifuani amebandikwa karatasi yenye namba nne.

Mtahini, kijana mpole mwenye tableti, ndiye aliyenieleza. Agizo lilikuwa limetoka: kila anayefundisha lazima awe na cheti cha kazi anayofundisha, na asiye nacho akabidhi funguo za uwanja mwisho wa muhula. Mwalimu hakuwa nacho. Hakuwahi kuwa nacho. Alijifunza kazi akibebea mafundi maji, kisha mawe, kisha akapewa mwiko, na hakuna aliyemwandikia kitu. Nilikumbuka leso ile aliyofutia vyeti vyetu, na nikaona aibu kwa mambo yote niliyomwombea.

Nilimwambia mtahini kwamba labda nisikae, kwa kuwa huyu namba nne alinifundisha. Alicheka. Alisema mafundi wote wa upande huu wamefundishwa na yeye, na tukitaka asiyemjua itabidi tumlete kutoka Mombasa. Kisha akanisomea masharti kwenye tableti: yeyote atakayemsaidia mtahiniwa kwa neno au kwa ishara, mtahiniwa huyo amefeli. Na ukuta ukiguswa na mtu mwingine, mtihani wa mwenye ukuta unafutwa, asubiri mwingine. Ule mwingine ulikuwa mbali, baada ya muhula kwisha. Nilielewa kwamba Mwalimu alikuwa na siku hii moja tu.

Wanafunzi wake kumi na wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi wakitazama kwa furaha. Hawakujua lolote. Kwa kiburi chake aliwaambia amejitolea kuwaonyesha mtihani unavyofanywa.

Alijenga pembe yake vizuri sana. Mkono ulikuwa mzito kuliko zamani, lakini haukurudia kitu mara mbili. Saa nne ikafika, watahiniwa wakaenda chai. Mtahini akaenda na tableti yake. Mimi nilibaki kitini, kwa sababu ya mazoea yangu. Hapo ndipo nilipomwona msichana mmoja kwenye benchi, waliyemwita Shiku, akiwakonyeza wenzake. Alinyanyuka, akanyata hadi kwenye ukuta wa Mwalimu, akachagua jiwe, akalisukuma kwa kiganja. Upana wa ukucha. Akarudi kukaa, akakunja nne.

Benchi zima lilikuwa limeziba midomo. Kwao ulikuwa utani wa mwaka. Mimi nilipiga hesabu. Nikimwambia mtahini, mtihani unafutwa na funguo zinakwenda kwa mtu mwingine. Nikimkoholea Mwalimu, nimemfelisha mimi mwenyewe. Nikinyamaza, na jicho lile la ukungu lisilione, mwisho wa siku nitashusha timazi kwa mkono wangu na kuandika nilichokiona. Nilibana kalamu nikabaki kitini.

Mwalimu alirudi akifuta mdomo. Alichota chokaa. Hakupima. Akaweka jiwe la kwanza juu ya lile lililotoka, akaligonga likakaa. Akaweka la pili. Kisha akaanza kuimba kwa besi, chini chini, wimbo wa kanisani, na nilijua mtu akianza kuimba ameshapotea. Nilimwombea. Nilimwombea kwa nguvu mtu ambaye niliwahi kumwombea tai yake ianguke kwenye chokaa.

Alipoweka jiwe la tatu chokaa ilibubujika chini, akapitisha ukingo wa mwiko kuikata, kama anavyofanya kila fundi. Mwiko ulikwaruza ukakwama. Ilikuwa sauti ndogo sana. Wimbo ulikatika katikati ya neno.

Aliweka mwiko chini, akavua miwani, akafumba macho yote mawili na kupitisha kiganja ukutani. Kilifika kwenye lile jiwe kikasimama. Akageuka akalitazama benchi, mmoja mmoja, kwa muda mrefu. Kisha akayaondoa mawe matatu aliyoyaweka, akakwangua chokaa, akaligonga lile jiwe kwa mpini likarudi mahali pake, akapima, akaanza upya. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili. Jiwe la mwisho alilikalisha mtahini akiwa ameshainua mkono.

Nilishusha timazi mimi mwenyewe. Ukuta ulikuwa sawa kutoka juu hadi chini.

"Nani?" Mwalimu akaliuliza benchi.

Mikono yote kumi na miwili ilipanda. Hata namba tatu, mtahiniwa kutoka Dandora ambaye hakumjua mtu yeyote pale, aliinua wake.

"Kuna nini?" mtahini akauliza, amechanganyikiwa.

"Hakuna kitu," Mwalimu alisema. "Ni salamu."

Baadaye, mtahini alipokwisha kuondoka, tuliwaambia wanafunzi ukweli. Shiku aliketi chini pale pale kwenye mchanga.

"Mwalimu! Kumbe ilikuwa exam ya ukweli? Si ungetushow!"

"Ungejua, ungesukuma?"

"Hapana! Hata singekaribia!"

"Ndiyo sababu sikuwaambia," alisema, jambo ambalo lilikuwa uongo mtupu, na sote tulijua. Kisha akawaamuru wabomoe ukuta wake na kupangusa mawe, kwa kuwa Jumatatu kulikuwa na darasa.

Wiki chache baadaye nilikwenda kumwona nyumbani, pale pale Kaloleni. Nilibeba mkate, sukari na majani. Mkewe alinipokea, Mwalimu akanionyesha kiti, na kabla sijakaa nilikiona cheti. Kilikuwa kwenye fremu mpya, ukutani mbele yangu, kimetiwa nailoni ndani ya kioo kana kwamba kuna mvua sebuleni. Na kilikuwa kimepinda kuelekea kushoto.

Mwalimu alikunja nne, akapuliza kikombe chake.

Nilikunywa chai. Tuliongea juu ya mvua, juu ya kikosi changu, juu ya Shiku, ambaye sasa anapima mpaka meza ya mama yake. Akanieleza kwamba Otis naye anakuja Jumamosi. Nilisifu mkate nilioleta mwenyewe. Nikaomba kikombe cha pili.

"Nyumba unaionaje?" Mwalimu aliuliza.

"Safi sana."

"Hata ukuta?"

"Ukuta uko sawa, Mwalimu."

Uso ulimwanguka. Aliweka kikombe chini. "Na macho yako siku hizi, hayakusumbui?"

"Hayana shida."

Mkewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, ameziba mdomo kwa leso. Nilipoaga, Mwalimu akasema tuombe kwanza, kama ilivyo desturi. Aliombea safari yangu, akaombea watoto, kisha akakaza sauti: "Na Bwana, wafungue macho mafundi wote wa kutoka Muthurwa." Nikaitikia amina kwa moyo wote.

Nilibeba mkoba. Nilifika mlangoni. Kisha nikarudi, nikainua kona ya fremu kwa kidole kimoja mpaka ikakaa.

"Upana wa ukucha," nilisema. "Na chai nimekunywa vikombe viwili."

Alicheka mpaka akashika kiti. Mkewe alipiga makofi. "Leo umepatikana, Mwalimu! Leo umepatikana!" Nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili, jambo ambalo sikulifanya siku ile nilipochukua cheti changu, na nikamwambia asante. Alisema niende, nisije nikalia kwenye sakafu aliyoipiga mwenyewe.

Nilipofika langoni niligeuka kupunga mkono. Mlango ulikuwa bado wazi. Alikuwa amesimama mbele ya cheti chake, amefumba jicho moja, anakipindisha tena kwa ajili ya Jumamosi.